Siku Mbonea Alipotakiwa Kwenye Filamu

Siku tuliyopanda kilima cha kijiji cha Mamba, familia nzima, kwenda kumwona kaka yangu Eliamini akiwa askari wa mfalme wa mazimwi, naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Na harusi yangu haikuwa ndogo.

Watu wa filamu walikuwa wametoka Dar es Salaam. Walipata kilima juu ya mashamba ya tangawizi, wakajenga mji wa kifalme wenye minara na pango la zimwi. Kwa mbali ungeapa ni mawe. Ukisogea unakuta mbao nyepesi, magunia na rangi, na zimwi lenyewe la sponji limeegeshwa kivulini likisubiri zamu yake. Usione vyaelea, vimeundwa. Vijana wa Mamba waliochukuliwa kuwa askari walipewa mikuki na ngozi za mbuzi, wakawa wanatembea kifua mbele utadhani kuna vita kweli. Kaka yangu alikuwa mmoja wao, na siku zote hizo tangawizi yake ilichimbwa na mkewe.

Huyo mkewe ndiye wifi yangu Upendo. Alikuja na mwanawe Mbonea mgongoni na hotipoti la makande mkononi. Tulikuwa pia na Baba Mkubwa, mzee wa kanisa, mtu mwenye jibu la kila swali, na Bibi, mama yake, ambaye alikuwa mzee sana lakini alikataa katakata kuachwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, sina kazi ila macho.

Tulikaa kwenye majani tukapakua makande. Upendo alikuwa amempakata mtoto. Mwongozaji wa filamu akapita, kijana wa kofia, mwenye adabu zake. Alimwamkia Bibi, akaitikiwa marahaba, kisha akamwona Mbonea akicheka. Mtoto alikuwa na meno mawili tu, yote ya juu.

"Huyu huyu!" yule kijana akapiga makofi. "Mzee, nina kipande cha mtoto anayetupwa kutoka mwambani kwa sababu meno yake yameanza juu. Wenyeji ndio walionisimulia, kwamba huku zamani mlifanya hivyo. Nilipanga nitumie mwanasesere. Lakini uso wa mtoto wa kweli, hapo watu watalia!"

Akamweleza Baba Mkubwa kwamba Mbonea angeinuliwa tu juu ya mwamba, kamera imchukue akilia, kisha wangemwondoa na kumtupa mwanasesere. Mwamba ulikuwa wa magunia, na chini yake waliweka godoro. Akasema hapakuwa na hatari yoyote, na nadhani ni kweli.

Sisi vijana tulishangilia. Mtoto wetu kwenye filamu! Baba Mkubwa alijifuta mdomo, akasema, "Mchukueni. Ni heshima kwa ukoo."

Mkwe akishatamka, mke wa mtoto atasema nini? Lakini nilimwona Upendo akimrudisha Mbonea mgongoni, akapiga fundo la kanga, kisha fundo juu ya fundo. Nilimwonea huruma, nami nikanyamaza.

Bibi akaweka sahani chini.

"Wewe," alimwambia Baba Mkubwa, "nani amekuuliza?"

"Huyu kijana ameniuliza, mama."

"Basi amekosea mtu. Mama wa mtoto huyu hapa, na mdomo anao."

"Mama, huu ni mchezo. Mambo ya vigego yalikuwa ya watu wa kale. Sisi tumebatizwa."

"Na mimi nimebatizwa," Bibi akasema. "Na mimi ni kigego."

Kigego, mwanangu, ndilo jina la mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Walisema akiachwa atamaliza ukoo. Bibi alitusimulia bila kupandisha sauti. Wanaume wa ukoo walikaa kikao juu yake, wakakubaliana atupwe. Baba yake alikuwemo, naye akakubali. Mama yake hakuulizwa, alikuwa nje akiwapikia. Aliyasikia yote. Akaepua chungu, akawapakulia, na walipokuwa wanakula akamfunga mwanawe mgongoni akateremka hadi Ndungu, bondeni, kwa watu asiowajua, akawa anawalimia ili apate kula. Hakupanda tena mlimani mpaka wa mwisho wa wale wazee alipozikwa.

"Kwenye kikao kile hapakuwa na mtu mbaya," Bibi alimwambia mwanawe. "Walikuwa watu wazuri kama wewe. Na wao walisema ni heshima ya ukoo."

Baba Mkubwa, yule mwenye jibu la kila swali, akamgeukia Upendo.

"Mwanangu, wewe unasemaje?"

"Sitaki, Baba," Upendo akajibu, upesi sana.

Yule kijana alivua kofia, akaomba radhi, akaenda zake. Baadaye walimrusha mwanasesere, wakarudia, wakarudia tena. Bibi aliomba asogezwe karibu aone. Kila mwanasesere alipoanguka, yeye aliushika mguu wa Mbonea mgongoni kwa mama yake, akauachia, akaushika tena. Huo mkono siusahau.

Wengi wanaposimulia habari hii hucheka kwamba Bibi alimharibia mtoto bahati ya kuonekana. Waache wacheke, ulimi hauna mfupa. Mimi nakuambia hivi, mwanangu: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku utakapokaa na wakubwa kuamua jambo la mtoto, iwe posa, iwe shule, iwe picha tu ya kurusha kwenye simu, usiseme ndiyo kabla hujamsikia aliyembeba tumboni. Usidhani mabaya hutoka kwa watu wabaya tu. Ukiona watu wema wamekubaliana haraka, wewe ndiye uulize, hata kama ndiye mdogo kuliko wote pale. Watakuona huna adabu. Vumilia. Baba Mkubwa na uzee wake wa kanisa, kaka yangu na mkuki wake, Mbonea, na mimi ninayekupigia kelele hapa, sote tumetoka kwa mtoto mmoja ambaye kikao kilishamalizana naye.

Mungu akujalie watoto, mwanangu, na akujalie sikio la kuwasikia mama zao.