Kwa Ruqaya wa Jabe, sidiria haiuzwi kwa kunong'ona

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, na soko la Jabe limeamkia upande wa ugomvi. Muuza ndizi anatupiana maneno na mwenye baiskeli, redio mbili zinashindana kwa kelele, na juu ya vichwa vya wote hao zinapepea sidiria za Ruqaya Sleiman: nyeupe, nyekundu, za maua, na moja ya madoa ya chui ambayo kila mtu anaiulizia bei na hakuna anayeinunua.

Mbele ya meza yake wamesimama wasichana wawili waliovaa sare za shule. Wanatazama kila kitu isipokuwa walichokuja kununua.

"Mama, tunaomba ile kitu," anasema mmoja, akizungumza na viatu vyake.

"Kitu gani? Sufuria ziko upande ule."

"Apana. Ya huku." Kidole chake kinapita hewani, karibu na shingo.

"Aa, mukufu. Mi siuzi dhahabu, mutoto wangu."

Mwenzake anashindwa kujizuia, anacheka. "Anataka sutien, mama."

"Ya kuvaa wapi? Kichwani?"

Meza nyingine za mitumba zinataka mteja mwenye pesa tu. Ruqaya anataka na sauti. Kwake hupati sidiria mpaka utaje, kwa jina lake, kiungo kinachokwenda kuivaa. Msichana anavuta pumzi, anafumba macho.

"Ya matiti."

Neno limetoka kwa nguvu hata muuza ndizi anageuka. Ruqaya anapiga makofi, anampunguzia bei, kisha anamkabidhi kitu laini cha kitambaa, kinachojaa kiganja. "Sasa bonyeza hii polepole. Ndani kuna haragwe. Ulitafute."

Kitu hicho ni titi la bandia, lililoshonwa kwa vikombe vya sidiria zilizochakaa na kujazwa vipande vya nguo. Mshonaji ni mumewe, Mazin, fundi suruali mwenye cherehani nyuma ya meza hiyo hiyo. Mwanzoni alikataa kabisa.

"Alisema yeye ni fundi wa suruali, ana heshima yake," Ruqaya anasimulia. "Mpaka leo anashona, lakini anaita mito. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, neno limemukwama kooni kama mwiba wa samaki."

Mazin anakanyaga cherehani kwa kasi zaidi.

Ruqaya, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alizaliwa mitaa michache kutoka hapa, katika familia yenye asili ya Oman. Babu yake aliuza vitambaa. Duka lilikwisha, likabaki jina. "Watu wakisikia Sleiman wanafikiri nateremka kila asubuhi kutoka Kiriri, kwa matajiri, na gari," anasema. "Mi nina meza, na mguu mmoja wa hiyo meza ni tofali."

Jumamosi nzuri hubaki na faida ya faranga elfu ishirini na tano. Wiki ambayo mafuta ya magari yameadimika na marobota ya mitumba hayajafika, hubaki na utani tu.

Lakini kuna neno moja asilolifanyia utani. Neno hilo ni "kifua".

Dada yake mkubwa, Kaltum, alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Kulitaja ilikuwa aibu, hivyo akawaambia watu wa nyumbani kwamba ana kifua. Na mtu akisema ana kifua, kila anayemsikia anafikiria kikohozi. Mama yao akamchemshia tangawizi. Ruqaya akamnunulia sirupu. Hata daktari wa kwanza, kwa kuwa aliambiwa hivyo hivyo, alimpima mapafu.

"Yalikuwa mapafu mazuri sana," anasema Ruqaya. "Daktari aliyasifu. Tukarudi nyumbani tumefurahi."

Ananyoosha kamba ya sidiria ambayo tayari imenyooka. "Mwaka mzima tulitibu kikohozi ambacho hakuna mutu aliwahi kukisikia. Siku aliposema titi, tulikuwa tumeshachelewa. Allah amrehemu. Dada yangu alikuwa na aibu, na sisi tulikuwa na adabu. Hivyo viwili vikasaidiana kumumaliza."

Ndiyo maana mwezi Machi, Kelly alipofika kwenye meza hii, Ruqaya alishtuka kabla ya kujua kwa nini ameshtuka.

Kelly ana miaka kumi na sita na anaishi mtaa wa Mutanga Nord na mama yake. Siku hiyo alitaka sidiria kubwa kidogo, isiyobana. Chupa ya dawa ya kikohozi ilichungulia kwenye mfuko wake wa shule.

"Nina kifua, mama. Kinanisumbua."

"Kohoa," Ruqaya akamwambia.

"Nini?"

"Umesema una kifua. Kohoa nisikie."

Kelly akajitahidi. Kikatoka kikohozi cha mwanafunzi anayekwepa mtihani wa hesabu. Ruqaya akaweka chini sidiria aliyokuwa ameshika.

"Ni wapi, mutoto wangu? Sema tu. Hapa ni sokoni, hakuna anayesikiliza."

Kelly akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Titi. La kulia. Kuna kitu kama goroli, kinateleza."

Ruqaya hakumgusa. Hagusi msichana yeyote. "Vidole vyangu vinajua saizi, havijui ugonjwa," anasema. Alichofanya ni kufunga meza Jumamosi saa tano, jambo ambalo majirani wanalizungumzia hadi leo, akampeleka mtoto kwao.

Mama yake, Jovithe, mtumishi wa serikali, aliwapokea mlangoni akiwa na wasiwasi kwamba binti yake ameiba.

"Mama Kelly, huyu mutoto hana kikohozi," Ruqaya akamwambia.

"Lakini aliniambia kifua."

"Najua. Na mi nilishaambiwa hivyo."

Walipomaliza kuelezana, Jovithe akamgeukia Ruqaya. "Mbona hakuniambia mimi?"

"Na we, ulishawahi kulitaja titi mbele yake?"

"Apana," Jovithe anakumbuka kujibu. "Kwetu tunasema 'kule juu'." Anasema alicheka huku machozi yanamtoka, na hajui hadi leo kipi kilianza.

Jumatatu mama na binti walikwenda hospitali. Kelly akapigwa picha, akachukuliwa kipimo kwa sindano, wakaambiwa wasubiri. Ruqaya naye akasubiri mezani kwake, akiwauzia wateja saizi zisizo zao. Simu ikilia, Mazin ndiye aliyepokea, kwa kuwa mikono ya mkewe ilikuwa haitaki.

Mwishowe Jovithe akapiga mwenyewe. Haikuwa saratani. Ulikuwa uvimbe ambao huwatokea wasichana wengi, wa kufuatiliwa tu. Daktari alieleza kwamba saratani ya matiti katika umri huo ni nadra sana, ila hakuna anayeweza kuijua kwa kubahatisha wala kwa sirupu.

"Niliingia chini ya meza nikalia," anasema Ruqaya. "Ningelia juu, wateja wangefikiri bei imepanda."

Jovithe hakuishia kushukuru. Alikwenda shuleni kwa Kelly kumwomba mkuu wa shule, Olga, amruhusu Ruqaya azungumze na wasichana. Olga alikubali mara moja. Shida ilikuja kwenye ubao wa matangazo. Mkono ulikataa kuandika neno lenyewe, akachagua lile la heshima: "Alhamisi saa nane: maziwa. Wasichana wote."

Wasichana wakaja na vikombe. Mmoja alikuja na jagi. Wavulana nao wakajipanga dirishani na vikombe vyao, wamekasirika, wakiuliza kwani wao hawanywi.

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema Olga, ambaye sasa anaisimulia hadithi hiyo kuliko mtu yeyote.

Ruqaya aliwaambia maziwa hayajafika lakini wakae. Akawapitishia "mito" ya Mazin, kila mmoja akatafuta haragwe. Akawaambia wayazoee matiti yao, wajue yalivyo siku zote, ili yakibadilika wayashtukie. Wakiona mabadiliko wamwambie mtu mzima, kwa jina, na waende kupimwa. Halafu wapeleke habari nyumbani, kwa kuwa saratani huwatafuta zaidi mama na shangazi zao.

Jioni hiyo, anasema Kelly, nyumba nyingi zilipata mshtuko wakati wa chakula, neno lilipotajwa.

Sasa Ruqaya anataka kurudi kila muhula, na kuingia katika shule nyingine za jirani. Olga anamtaka pia. Ila kwa tangazo la safari hii alipendekeza "Afya ya kifua", na Ruqaya akakataa.

"Nilimwambia, Madamu, ukiandika kifua, mi siji. Nilishamuzika mutu kwa hilo neno." Tangu hapo shule iko kimya, na kila siku Ruqaya anajiuliza kama mdomo wake umefunga mlango aliousubiri tangu siku ya maziko ya Kaltum.

Karibu na adhuhuri Kelly anatokea kati ya meza, ameinua simu juu ya kichwa ili isigongwe. Akifika anamwonyesha Ruqaya picha ya ubao wa shule. Ruqaya anaisogeza simu mbali na uso, anakunja macho, anasoma kwa sauti:

"Alhamisi saa nane: matiti. Wasichana wote. Msilete vikombe."

Anasoma tena, kimya. Kisha anageuka kwa mumewe. "Mazin. Wametukubali. Shona mengine."

Cherehani inasimama. Muuza ndizi anasikiliza, mwenye baiskeli anasikiliza. Mazin anakohoa kidogo, bila kuinua kichwa.

"Matiti mangapi?" anauliza.