Mwewe Aliyekula Firigisi ya Mzee Wafula

Mke wangu ameniomba nisisimulie haya mbele ya watu, na ninamwelewa, lakini kwa kuwa mtaa wetu mzima wa Kaloleni unayajua tayari, tena yakiwa yametiwa chumvi (sikupanda juu ya paa, na sikujifunika blanketi), naona afadhali niyaeleze mwenyewe kwa utaratibu, niaibike kwa usahihi.

Nina kamera na lenzi ndefu ya mtumba, milimita mia nne, na nimejifunza mwenyewe kupiga picha ndege wa porini, kwa kusoma na kukosea. Mwewe ndio walionishinda. Kwetu wamejaa angani kwa sababu ya machinjio ya Kiamaiko, lakini ukiinua lenzi ameshapita. Basi nilipopata likizo ya wiki mbili kutoka ghalani ninakofanya kazi, Industrial Area, nilifanya uamuzi mdogo: badala ya kumfuata mwewe, nimzoeze kuja. Kila siku saa kumi kamili, jua likiwa limeinama vizuri, niliweka vipande vya matumbo ya mbuzi juu ya ukuta mfupi ulio mbele ya nyumba, kisha nikajificha nyuma ya pazia la chumba cha kulala, kamera ikiwa tayari dirishani. Niliandika kila kitu kwenye daftari. Siku ya kwanza hakuja hata mmoja. Siku ya nne walikuja wawili. Siku ya tisa walikuja saba, tena dakika tano kabla ya wakati.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi, na jamaa za kijana anayemchumbia binti yetu Nekesa walikuwa wanakuja kujitambulisha. Sikuona tatizo. Walialikwa saa sita, nami nikapiga hesabu kwamba ikifika saa tisa watakuwa wameshaaga. (Nimeishi Nairobi miaka hamsini na moja, na hesabu hiyo sijui niliitoa wapi.) Walifika saa tisa na nusu. Nyumba zetu ni ndogo, kwa hiyo tuliwaketisha nje kwenye nyasi, kando ya ukuta uleule, kwenye viti tulivyoazima kanisani.

Msemaji wao alikuwa Mzee Wafula, baba mkubwa wa kijana, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Chakula kilipoletwa, saa kumi ikikaribia, nilitazama juu nikawahesabu mwewe: saba. Ningeweza kumwonya wakati huo, lakini kumwonya kungenilazimu kueleza, na nilikuwa nimesoma mahali kwamba mwewe huogopa umati. Nikasema naenda kuleta chumvi. Nikaenda dirishani. Kuangalia tu.

Sasa, kwetu Waluhya firigisi ya kuku si ya kila mtu, hupewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani, na mgeni wa namna hiyo akiikosa mnaweza kukosana ukoo mzima. Mke wangu alimwekea Mzee Wafula, naye akaiinua kwa vidole viwili ili kila mtu aione kabla ya kuombea chakula. Nilimwona mwewe akikunja mabawa. Kidole changu, ambacho kilikuwa na mazoezi ya siku kumi na moja, hakikuniuliza. Kamera ikalia trrrrr, picha kumi na mbili mfululizo, mwewe akapaa na firigisi, na watu wote wakageuka kutazama pazia.

Nilitoka bila chumvi.

Shangazi wa kijana alikuwa ameshaweka sahani yake chini. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba firigisi ya nyumba hii imekataa kuliwa na watu wao, na kwamba ishara kama hiyo haipuuzwi. Afadhali warudi nyumbani wakafikirie upya. Wawili wakaanza kutafuta makoti yao. Nekesa alinisogelea, uso umemshuka.

“Baba, sema kitu. Wanaenda.”

Niliona njia moja tu. Nilileta daftari, nikasimama mbele ya wakwe, nikawasomea tarehe, saa, idadi ya mwewe na uzito wa matumbo, siku ya kwanza mpaka ya kumi na moja, ili wajue kwamba haikuwa ishara, ilikuwa ratiba, na mwenye ratiba ni mimi. (Mke wangu alikuwa akiamini matumbo yale ni ya mbwa wa jirani. Jirani alikuwepo. Hana mbwa.)

“Kwa hiyo, mkwe,” Mzee Wafula akauliza polepole, “unafuga mwewe?”

“Siwafugi, Mzee. Nawalisha tu.”

“Lete hiyo picha.”

Nikamwonyesha. Mdomo wake ulikuwa wazi, vidole viwili vimebana hewa, na juu yake mwewe ametanda, kila unyoya wazi kabisa. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akampa shangazi kamera.

“Huyu amekula kabla ya sala,” akasema. “Kaeni chini. Sisi tuombe, tule kilichobaki.”

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Makoti yakarudishwa. Mimi nilitozwa faini ya jogoo mzima, nikampeleka mwenyewe hadi kwao Webuye, na Nekesa akaolewa.

Bado napiga picha ndege, ila sasa namfuata aliko, na nikiwa na wageni nakaa na wageni. Siku ya harusi familia zote mbili zilikubaliana, bila kupiga kura, kwamba kamera yangu ibaki nyumbani. Nilikaa meza ya mbele, mikono mitupu juu ya kitambaa. Wakati wa hotuba, ndege mdogo aitwaye chozi, wa rangi ya shaba, alitua kwenye ua la jukwaani, hatua nne kutoka kwangu. Sikugeuka.

Niligeuka kidogo.