Thuluthi ya Shamba la Shangazi

Shangazi yangu alipoamua kuandika wasia, shamba alilotaka kuliusia lilikuwa na mwaka wa tano mahakamani. Lilikuwa shamba la mikarafuu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Chake, na ndani yake mlikuwa na nyumba ya udongo tuliyokuwa tukiishi yeye na mimi. Alikuwa dada wa baba yangu. Baba alipofariki nikiwa na miaka saba, yeye na mumewe walinichukua wakanilea, kwani wenyewe hawakujaaliwa mtoto.

Mumewe alimpa shamba lile kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili. Alipokufa, mtoto wa kaka yake akaenda kwa kadhi kusema kwamba hakukuwa na hiba yoyote, kwamba shamba ni mirathi, na haki ya shangazi ni robo yake ya mjane tu. Shahidi mmoja alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Wa pili alikuwa Unguja, na kila akiitwa aliumwa. Huyo aliyetushitaki alikuwa fundi cherehani mjini. Kabla ya kesi ndiye aliyekuwa akitushonea nguo za sikukuu, na zangu akiziachia upindo mrefu kwa sababu nilikuwa nikirefuka haraka.

Kadhi aliamuru shamba lisiuzwe wala lisijengwe kitu mpaka hukumu itoke. Jiko letu la nje lilipoanguka kwa mvua, hatukuthubutu kulisimamisha. Tukapika ndani, na moshi ukamzidishia shangazi pumu. Juu ya hayo, karani mmoja wa mahakama alitunasihi tusiihame nyumba hata kwa wiki moja. Hiba husimama kwa makabidhiano, alisema, na mkitoka yule bwana atasema mmetoka kwa kuwa mnajua si yenu. Basi kukiwa na harusi, mmoja wetu alikwenda na mmoja akabaki. Kukiwa na maiti, hivyo hivyo.

Katika hali hiyo ndipo nilipoposwa. Mposaji alikuwa mtu wa Chokocho, anafanya kazi hospitali Unguja, na mama yake alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka barabarani. Shangazi alimkirimu, akamwomba angoje hukumu. Kesi ikaahirishwa kwa kuwa kadhi ana safari, kisha kwa kuwa faili halionekani, kisha kwa kuwa mdai mgonjwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Wasia uliandikwa baada ya sala ya alasiri. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikaa mkekani na majirani wawili wa kushuhudia, na mimi nikakaa nyuma ya mlango wa ndani nikiwasikia. Mwalimu alieleza kwamba mrithi wa shangazi ni kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mkoani, na kwamba mimi, mtoto wa kike wa kaka, sirithi chochote. Lakini thuluthi shangazi anaweza kumuusia asiyekuwa mrithi. Shangazi akasema hiyo ndiyo anayotaka kunipa mimi.

Mwalimu akaandika, kisha akasoma: thuluthi ya haki yangu yoyote itakayothibiti katika shamba.

"Mwalimu, mie nimesema shamba langu," shangazi akamwambia. "Hilo neno la itakayothibiti ni neno la yule fundi."

"Bibi, shamba liko mikononi mwa mahakama. Nikiandika lako, na kadhi akasema si lako, karatasi hii haina maana."

Mwisho shangazi akakubali. Kisha akataka iongezwe sharti, kwamba nisiihame nyumba mpaka kesi iishe. Mwalimu akakataa kuandika. Alisema wasia ni wa mali, haumfungi mtu.

"Basi usiandike. Nimesema, na mashahidi wamesikia." Akageuza uso upande wa mlango. "Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, shangazi."

Sikusema zaidi ya hayo. Nilikuwa na jambo la kusema, lakini mlikuwa na wanaume watatu mle ukumbini na mwanamke aliyenilisha tangu utoto wangu. Mama wa Chokocho aliporudi, nilimjibu mwenyewe kwamba siwezi. Mwanawe akaoa mwaka ule ule. Yule mama alikuja kunieleza, ili nisisikie kwa watu.

Shangazi alifariki miaka miwili baadaye, masika, pumzi zikimwishia kidogo kidogo. Matanga yalipoondoka, kaka alinipa uwakala wa kumsimamia kwenye kesi kwa kuwa hakupata ruhusa kazini. Ilipofika siku, kadhi aliusoma wasia mbele yangu, akawauliza wale mashahidi wawili, kisha akanitazama.

"Unaukubali wasia huu, au unaukataa?"

Nikamuuliza kama wasia hukataliwa.

"Mwenye kuusiwa ana hiari, baada ya kifo cha aliyeusia. Kabla ya hapo neno lake halihesabiwi."

Miaka miwili ile nilikuwa nimeishi kama mtu aliyekula kiapo, kumbe sheria haikuwa imesikia kitu kutoka kwangu. Kadhi alinipa mpaka baada ya adhuhuri nifikiri.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la barazani. Fundi alikuwa ameketi ncha ya pili. Alikuwa amezeeka, na miwani yake kaifunga kwa uzi. Alinipa pole ya msiba, nami nikaipokea. Kisha akaniambia kwamba macho yake hayaoni tena tundu la sindano, na kwamba mwaka uliopita na yeye alikuwa ameandika wasia.

"Wanangu nimewaachia cherehani na kesi hii," akasema.

Nilimuuliza kwa nini haiachi.

"Nikiiacha leo, watu watasema nilimdhulumu shangazi yako miaka yote hii. Nawe ukikataa, watasema alikuwa akikalia mali ya watu."

Hakuyasema kwa ubaya. Alikuwa akinieleza tulipo.

Niliporudi ndani nilisema nakubali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Si kwa ajili ya mikarafuu, wala siwezi kusema ni kwa mapenzi ya shangazi peke yake. Kama ningekataa, ningelazimika kutoka pale nikiwa sina jibu la kilichoniweka kwenye nyumba ile. Nilipokubali nilikuwa nalo jibu, kwamba nilikaa kuilinda haki yetu, hata kama halikunifurahisha.

Mwaka uliofuata, yule shahidi wa Unguja akaja, akiwa ameshikwa mikono na wajukuu zake wawili, akatoa ushahidi kwa dakika chache. Kadhi akahukumu kwamba hiba ilisimama. Fundi alinyanyuka akanipa mkono, akaenda zake kusali. Thuluthi ikawa yangu, na mbili zilizobaki za kaka.

Kaka alikuja Ijumaa kulitazama shamba. Alizunguka mpaka kwenye mpaka wa chini, akarudi amefurahi.

"Wewe umeshalizoea," akaniambia. "Kaa uniangalizie na sehemu yangu."

Nilimjibu nitafikiri, na wakati nafikiri nikachuma na kuanika karafuu zetu sote msimu mzima. Ulipokwisha, nilimpelekea funguo Mkoani. Nikapanga chumba Gombani, nikapata kazi ya kufundisha madarasa ya chini katika skuli ya wasichana. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Wiki za mwanzo, kila nikibishiwa hodi, nilidhani ni mtu wa mahakama amekuja kuniuliza nani amebaki kwenye nyumba ya shamba.