Namba ya Simu kwenye Tiketi ya Mzee Haripada

Saa tatu asubuhi, mvua inapiga mabati ya mtaa wa Premtala na Minoti Purkayastha anabishana na mteja wake wa kwanza. Mteja ni bibi aliyefunga pesa kwenye pindo la sari. Anakwenda Kolkata kwa binti yake, na Minoti amemwomba namba ya simu.

"Ya nini? Wewe si upo?"

"Nipo, bibi, lakini anayepanda ndege ni wewe."

"Miaka yote unaandika yako. Leo umenichoka?"

"Sijakuchoka. Simu unayo?"

"Ninayo. Ila namba yake anaijua mkwe wangu, na yule hatusemezani."

Waliokaa kwenye benchi wanaangua kicheko. Minoti hacheki. Anachukua simu ya bibi, anajipigia mwenyewe, kisha anainakili ile namba kwenye kompyuta.

Minoti, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, anakata tiketi za ndege hapa Silchar, mji wa kaskazini-mashariki mwa India, tangu mumewe alipoumia mgongo na kuacha kazi ya useremala. Wateja wake wengi ni wagonjwa wanaokwenda kutibiwa kusini, Chennai na Vellore. Kila tiketi inamwachia rupia mia na hamsini hivi, na mwezi ukiwa mzuri anafikisha elfu kumi na nane.

Kwa miaka hiyo yote, tiketi zote zilizotoka dukani kwake zilibeba namba moja, yake. Ndivyo wanavyofanya wakata tiketi karibu wote wa mji huu. Wateja hubadilisha laini kama soksi, na nyumba nzima hutumia simu moja. Ujumbe wa shirika la ndege ukija, Minoti huupokea na kuwapigia majirani wa mteja.

"Ilikuwa huduma," anasema. Halafu anaongeza bila kuulizwa, "Na biashara pia. Mteja asiyejuana na shirika atarudi kwangu tu."

Mwaka jana, Haripada Nath, muuza samaki wakavu wa soko la Fatak Bazar, alipata tarehe ya upasuaji wa moyo huko Vellore. Minoti alimkatia tiketi. Mzee alitoa namba yake, naye Minoti akaandika ya kwake, mkono umeshazoea.

Jioni ya kuamkia safari, shirika lilituma ujumbe kwamba ndege ya kumfikisha Kolkata, njiani kwenda Vellore, imefutwa kwa kukosa rubani. Ilikuwa siku ya kuzamisha sanamu za mungu wa kike Durga, mji mzima uko mtoni na ngoma zinapasua masikio. Simu ya Minoti ilikuwa ndani ya mkoba. Aliusoma ujumbe kesho yake, wakati mzee ameshafika uwanja wa ndege wa Kumbhirgram na mto wake wa kulalia kwapani.

Pale kaunta aliambiwa achague: arudishiwe nauli, au asubiri ndege ya siku tatu mbele. Tarehe ya upasuaji ikapita. Alipata nyingine baada ya wiki saba, na wiki hizo alilala ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Mtu hapaswi kuishi hivyo kwa sababu ya rubani aliyekosekana.

Sheria ya India haina kigugumizi kuhusu jambo hili. Ndege ikifutwa bila taarifa ya mapema, na sababu si hali ya hewa wala jambo jingine lililo nje ya uwezo wa shirika, abiria hulipwa fidia mbali na nauli yake. Kwa safari kama hii fidia haizidi rupia elfu saba na mia tano. Lakini sheria hiyo ina mlango wa nyuma: abiria ambaye hakuacha mawasiliano ya kutosha hana chake. Shirika likapita hapo hapo. Namba iliyo kwenye tiketi, likasema, si ya Haripada.

Mpwa wake, Nirupam, anayesomea sheria, akafungua shauri kwenye tume ya wilaya inayosikiliza malalamiko ya walaji. Alishtaki shirika, na akamshtaki Minoti pia. "Kikulacho ki nguoni mwako, mjomba," alimwambia mzee.

Shauri litasikilizwa Alhamisi. Juzi meneja wa kanda wa shirika alimpigia Minoti.

"Dada Minoti, sema tu mzee hakuwa na simu. Hakuna atakayeumia."

"Na nikisema alikuwa nayo?"

"Basi sisi tutalipa. Ila akaunti yako ya kukatia tiketi, dada, siiahidi."

Bila akaunti hiyo, duka linabaki meza na benchi. Mumewe alimwambia afikirie ada ya shule ya mtoto. Minoti anasema alifikiria mpaka wali ukaungua.

Saa sita Haripada mwenyewe anaingia, mwavuli unachuruzika. Anakuja kukata tiketi ya kwenda kupimwa tena.

"Ba'mdogo, umenishtaki halafu unakuja kwangu?"

"Sasa niende wapi? Kule kwingine wananipunja. Na kushtaki ni mambo ya Nirupam, mimi nilitia dole gumba tu."

"Ulitia au hukutia?"

"Nilitia," mzee anakubali, akiketi taratibu. "Usinichukie, mama. Zile wiki saba zilinitesa."

Minoti anasimama, anakwenda kumwagizia chai isiyo na sukari. Akirudi, macho yake ni mekundu. "Ni kweli zilimtesa," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Na mimi ndiye nilimwandikia ile namba."

Wakimfungia akaunti, atauza tiketi za treni. "Ile reli ya milimani ikifukiwa na udongo, angalau hakuna anayenilaumu mimi."

Haripada anamuuliza Minoti Alhamisi atakwenda na nani.

"Na bajaji."

"Basi nipitie. Ya nini tulipe mbili, na tunakwenda mlango mmoja?"

"Na Nirupam?"

"Ana pikipiki yake. Atakuja na hasira zake."

Hivyo Alhamisi mlalamikaji na mlalamikiwa watashuka kwenye bajaji moja mbele ya tume. Mwandishi anamuuliza Minoti atasema nini wakifika.

"Kwamba alinipa namba," anajibu, huku akiandika namba ya mzee kwenye tiketi mpya. "Alinipa, nikaandika yangu."