Vidole vya Dresa Sila

Kri! Ndivyo mkasi ulivyolia ulipoangukia beseni la enameli, na kila Telesia alipoukumbuka mlio huo alikunja vidole vya miguu. Siku ile ya kupasuliwa jicho lilitiwa ganzi, masikio hayakutiwa.

Alikuwa mjane, mkulima wa kijiji cha Kichiwa, na mwaka 1953 mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Katika hospitali ya misheni wakampasua la kulia. Siku tisa alilala chali, kichwa kikiwa kati ya mifuko miwili ya mchanga, amekatazwa kukohoa, amekatazwa hata kucheka. Kitambaa kilipofunguliwa aliona ukungu, na ndani ya ukungu mkono wa mtu. Daktari akafurahi, akaandika. Wiki ya tatu, Telesia akiwa nyumbani, jicho liliuma, likavimba, likazimika.

La kushoto lilijua mchana na usiku, basi.

Ulezi mchanga na gugu lake hufanana kama mapacha. Msimu ule Telesia alipalilia kwa kupapasa, aking'oa ulezi na kuacha gugu. Alois, ndugu wa marehemu mumewe, akasimama mpakani akicheka.

"Shemeji, mwaka huu umewalimia mbuzi!"

Baada ya mavuno alisema bila kicheko: asiyeweza kupalilia hana shamba, ardhi itarudi kwa ukoo. Tumaini la Telesia likabaki moja, lipasuliwe jicho la kushoto, nalo lipone.

Mwaka ukapita. Ikasikika kwamba dresa Sila, msaidizi wa daktari yule, anatoka Makambako kwa miguu na daftari, akiwapima wote waliopasuliwa.

"Ni mtihani, Mama," alisema Oktavia, mkwe wake. "Ukishindwa, daktari atasema kazi ya mkono wake ilipotea bure. La pili hataligusa."

"Nami sioni. Nitajibu nini?"

"Nitakaa nyuma yako. Kidole kimoja, nakufinya mara moja."

Telesia alisita. Alikumbuka mtihani wa katekisimu, na msichana aliyenong'onezewa jibu: Padre alimtoa mbele ya wote, asirudi tena. Lakini alikumbuka pia mbuzi wa Alois.

Sila alifika na matope hadi magotini.

"Kamwene, Mama! Unanikumbuka? Ndimi niliyekukataza kucheka."

"Na wewe mwenyewe ulikuwa ukinichekesha," alijibu Telesia.

Sila akaliziba jicho la kushoto kwa kipande cha karatasi ngumu, akarudi nyuma hatua tatu.

"Vidole vingapi?"

Kiwiko kikafinywa. "Vitatu."

"Na sasa?"

"Viwili."

"Na hapa?"

Hakufinywa. "Hapo umekunja ngumi, mwanangu. Unataka kunipiga?"

Sila akacheka sana. Akaandika, akafunga daftari.

"Sasa naweza kusema. Daktari alinikataza kutanguliza neno, maana watu wangejifanya vipofu. Zamani tulihesabu siku ya kufungua kitambaa tu, na wote walikuwa wamepona! Sasa anataka kujua nani anaona baada ya mwaka. Wasioona, lori litawachukua pale Makambako Alhamisi, wakapasuliwe jicho la pili. Nafasi ni sita. Wewe Mama umeshapona, yako atapata mwingine."

Mkono wa Oktavia ulikuwa bado kwenye kiwiko.

"Mungu ni mwema," alisema Telesia, kwa kuwa mgeni alikuwa akingoja jibu. Akaagiza apewe mahindi ya kuchoma ya njiani.

Nyayo za Sila zikateremka kuelekea mtoni.

"Mama, nimkimbilie! Hajavuka. Nitamwambia ni mimi, ni kosa langu!"

Telesia alimkumbuka yule msichana wa katekisimu. Alimshika Oktavia mkono, akauweka juu ya paja lake, akaukunja vidole kimoja kimoja mpaka vikaisha.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Ameshaandika."