Gari la Mwimbi na Gogo Lake

Hebu niambieni, nani hapa amewahi kununua ng'ombe hajamfungua mdomo akaona meno? Si mnaona, hakuna! Sasa huyu Neema, mjukuu wangu, juzi kanionyesha gari kwenye simu. Gari liko Mwanza, mwenye gari hajawahi kumwona hata kivuli, halafu ananiambia, "Bibi, kesho namtumia hela." Moyo wangu ukadunda paa, vilevile kama siku ile tulipotoka hapa Kate kwenda Mwimbi. Nikamwambia Neema kaa chini. Na nyie kaeni. Nawapa safari yote, na woga wangu wote humohumo.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, hata mtoto sina. Babu yenu Anselmo alikuwa tandiboi wa lori la mfanyabiashara mmoja pale Sumbawanga mjini. Kazi yake kupakia magunia, na lori likishindwa mlimani, anaruka chini haraka anaweka gogo kwenye gurudumu lisirudi nyuma. Basi watu wakamwita Magogo. Magogo ruka! Magogo umelala? Mtu mzima, kaoa, anaitwa Magogo mbele ya mke wake. Lilimuuma sana jina lile. Udereva alikuwa kajifunza kwa kumtazama dereva wake, na siku mojamoja kuachiwa usukani.

Akasikia huko Mwimbi kuna mzee anaitwa Mzee Seif, anauza kigari chake cha bodi ya mbao, naye hataki pesa, anataka ng'ombe. Anselmo hana hata mkia wa ng'ombe. Mwenye ng'ombe ni baba yangu, Mzee Kristofa, na ng'ombe wenyewe ni wale wa mahari yangu. Akaenda kumpigia magoti.

Baba alimega ugali wake wa ulezi, akala mpaka akamaliza. Halafu akasema, "Ng'ombe hawa nilipewa ndiyo nikamtoa Skola huyu. Sasa sikiliza. Chukua wanne. Lakini gari lifike hapa uani kwangu, lije lenyewe. Likifa njiani, au likiua mtu, Skola anabaki kwangu, na wewe ulale na bati lako." Akanigeukia mimi. "Na wewe unakwenda. Ng'ombe wangu hawaendi bila macho yangu."

Mimi nilimpenda Anselmo, nisiwafiche. Woga ulinianza palepale, kabla hata ya kufunga mzigo.

Siku ya kwanza kutoka Kate, ilikuwa mwezi wa sita, na upepo wetu huu wa Ufipa mnaujua, unapita mpaka katikati ya meno. Mimi mbele, ng'ombe katikati, Anselmo nyuma na fimbo. Majani matupu na vilima, huna hata mti wa kujificha. Kila ng'ombe akisimama akainua masikio, mimi nasema ndiye simba huyo.

"Skola, ni ndege."

"Ndege gani anasimamisha ng'ombe?"

"Ndege mwenye shughuli zake. Twende!"

Alikuwa anacheka, lakini kila hatua anageuka kutazama nyuma.

Siku ya tatu tukafika Milanzi, pale pembeni ya Sumbawanga mjini, kwa shangazi yake Anselmo, Shangazi Veronika. Nikasema hapa nitatiwa moyo. Wapi! Ametupa maji, ametupa maharage, halafu akaanza. "Gari? Lile lori lililoshuka mlima wa kwenda ziwani mmelisahau? Dereva wake haikupatikana hata kofia."

Anselmo akasema, "Shangazi, lile lilikuwa lori."

"Na lako ni nini? Kuku?"

Maharage nikayaacha sahanini.

Siku ya sita, Mwimbi. Mzee Seif alikuwa mtu mrefu, magoti yanamuuma, kofia nyeupe safi. Ametupokea vizuri, na mke wake Bi Zuhura akatutengea dagaa wa ziwani. Nikamuuliza, shikamoo baba, kwa nini unaliuza? Akasema, "Marahaba. Gari linakula petroli, na petroli iko Sumbawanga. Ng'ombe anakula majani ya Mungu, na majani yapo hapa mlangoni."

Anselmo akalizunguka gari, akapiga matairi mateke, akakaa ndani akashika usukani kama bwana harusi. Mimi nikawa nachungulia chini, nalinusa.

"Binti, unanusa nini?" Mzee Seif akaniuliza.

"Naangalia kama linaumwa, baba."

Akacheka mpaka akashika magoti yake.

Sasa kwetu, ng'ombe akiuzwa, kamba yake inakwenda naye. Usipotoa kamba, wazee wanasema moyo wa ng'ombe umebaki kwako, ng'ombe atarudi. Nikazifungua kamba nne nikamkabidhi mkononi. Halafu nikasimama. Anselmo ananikonyeza tuondoke. Nikasema, "Na ya gari, baba?"

"Ya gari nini?"

"Kamba yake."

Anselmo akaona aibu, akatazama juu. Lakini Mzee Seif aliacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka na gogo la mti mgumu, limechongwa upande mmoja kama shoka, jeusi kwa mikono ya watu, limefungwa kamba ndefu. Akanipa mimi, hakumpa Anselmo. "Umeuliza alichotakiwa kuuliza mume wako. Breki za gari hili zinashika zikipenda. Kamba yake ndiyo hii. Unalirusha mbele ya gurudumu, likirukwa unalivuta, unarusha tena."

"Mzee, mimi nimekuja kuchukua gari," Anselmo akasema. "Magogo nimeshabeba ya kutosha."

"Bila gogo siuzi. Funga kamba ng'ombe wako, rudi nao Kate."

Anselmo akaenda kuliwasha gari. Bi Zuhura akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ukifika mlimani usimsikilize yeye. Sikiliza gari."

Njia ya kurudi, wajukuu zangu, mimi nilikuwa sijawahi kukaa kwenye gari. Vilima vilikuwa vinatukimbilia! Mkono mmoja nimeshika mlango, mwingine nahesabu salamu Maria kwa vidole. Mara tatu breki ziligoma, mara tatu nikaruka na gogo. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilichubuka magoti. Mara ya tatu nilikuwa nimeshajua gari linavyopumua likitaka kukimbia.

Karibu na Milanzi, Anselmo akasimamisha. "Skola, tupa hilo gogo."

"Nini?"

"Hapa mjini wananijua. Wakiliona watasema Magogo kanunua gari la kufanana naye. Litupe."

"Na mteremko wa kwa baba?"

"Breki zimeshika toka asubuhi."

"Toka asubuhi tuko tambarare, Anselmo!"

Akanifokea. Hajawahi kunifokea, na hakunifokea tena mpaka anazikwa. Nikashuka, nikaenda kwenye majani na gogo na blanketi langu. Nikarudi.

"Umelitupa?"

"Twende," nikasema.

Mjini akapiga honi, wenzake wakashangilia. Mimi nimekaa juu ya blanketi, na ndani ya blanketi ndimo lilimo gogo. Mpaka tunakaribia Kate matako yalikuwa yamekufa ganzi.

Kate, saa kumi jioni. Kwa baba mnapajua, ule mteremko unaanzia juu kwenye makaburi unaishia zizini. Baba amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi, anapukuchua maharage. Watoto walisikia honi, wakatoka wote, wanapanda mlima wanakuja kutupokea, wanapiga makelele.

Nikasikia gari linapumua vilevile kama likitaka kukimbia.

"Skola."

"Nini?"

"Breki hazishiki."

Nikatazama mguu wake, umekanyaga mpaka chini kabisa. Uso umekuwa majivu. Anapiga honi, na watoto wanadhani ni furaha, wanazidi kuja. "Ruka!" akaniambia. "Ruka ujiokoe!"

Nikaruka. Blanketi likafunguka. Nikakimbia pembeni na gogo mkononi, miguu mitupu, nikalirusha mbele ya gurudumu la nyuma. Gari likalipanda, likaruka, likaendelea. Nikavuta kamba. Nakimbia, napiga kelele, "Tokeni! Tokeni njiani!" Nikarusha tena. Likapanda tena, lakini safari hii lilipunguza. Watoto wakatawanyika kama vifaranga. Baba hakuinuka, sijui ni ushujaa au ni miguu. Nikarusha mara ya tatu, nikaishika kamba kwa mikono miwili. Gurudumu likakwea, likatetemeka, likarudi chini. Likasimama. Kutoka pua ya gari mpaka ungo wa maharage ilikuwa urefu wa mkono wangu huu.

Ngozi ya viganja vyangu imebaki kwenye kamba.

Baba akasema, "Limekuja lenyewe?"

Anselmo angeweza kusema ndiyo, yakaishia hapo. Akashuka, akapiga magoti palepale kwenye ungo, maharage yakamwagika. "Limekuja lenyewe, baba. Lakini aliyelisimamisha ni Skola. Mimi nilimwambia alitupe gogo, naliona aibu."

Baba akalitazama gogo, akanitazama viganja, akamtazama yeye. Mimi roho iko hapa, nangoja kuambiwa ingia ndani hutoki tena.

"Gari hilo lina madereva wawili," baba akasema. "Nikimchukua mmoja litaua watoto wangu. Nenda naye. Na mniokotee maharage yangu."

Tuliokota mpaka jua likazama. Nalia, nacheka.

Basi nilichokileta kutoka Mwimbi ndicho hicho: mwenye gari ana jambo ambalo hasemi mpaka umwombe kamba. Na kumwomba ni lazima usimame mbele yake, umtazame usoni. Siku ile nilipomaliza kumsimulia, Neema akainuka. Akaenda pale mlangoni jikoni, gogo lile ndilo linalozuia mlango mpaka leo, akaliinua, akasikia uzito wake. Akarudi akanishika viganja vyangu hivi vyenye makovu, akaniahidi, "Bibi, situmi hela. Mwanza tunakwenda wote, na simlipi yule kaka hata senti mpaka alisimamishe gari lake mlimani na wewe umesimama pembeni na gogo lako."