Siku Daniel Alipomkumbuka Laurenti

Katekista Daniel alifundisha dini Mwera mpaka akaota mvi. Watoto wa kambi za mkonge walikua wakimsikia akisimulia habari za bustani ya Edeni, na kila mwaka aliwaambia hivi: "Mungu hakuuzungushia uzio mti ule wa kujua mema na mabaya. Angetaka, angeshindwa nini? Lakini mtu asiyeweza kukataa, hata kukubali kwake si kukubali."

Kisha maradhi ya kusahau yakamwingia. Yalianza na majina ya wanafunzi, yakafuata sala, mwisho yakamchukua hata Beatrisi, mkewe, ambaye sasa alimwita "dada" na kumshukuru kwa uji kama mgeni.

Hapo ndipo mdogo wake, Laurenti, alipotokea kutoka Maramba. Walikuwa hawasemezani tangu ujana, tangu Laurenti alipomsingizia kaka yake wizi wa katani ili yeye apewe unyapara. Daniel na Beatrisi walifukuzwa kambini huko Maramba mvua ikinyesha, mtoto mgongoni.

"Shemeji, nasikia hakumbuki kitu," Laurenti alisema mlangoni. "Nimekuja kumwona tu."

Beatrisi alielewa: amekuja kwa kuwa kesi imejifuta yenyewe. Alimpisha, moyo ukimchoma.

"Shikamoo, kaka."

Daniel alimkazia macho. "Laurenti," alisema. "Wewe ndiye uliyesema mimi mwizi."

Beatrisi aliganda mlangoni na bakuli la uji mkononi. Jina lake yeye limepotea, hili limebaki! Laurenti alipiga magoti.

"Ulijua si kweli," Daniel akaendelea, kwa sauti ile ile ya darasani. "Nami nikakuchukia. Nilikuchukia sana." Aliikamata fimbo yake, na Beatrisi hakujua kama atapiga. Daniel akailaza fimbo chini, akajisogeza pembeni mwa benchi.

"Leo sitaki tena. Njoo ukae."

Kichwani mwa yule mzee haikubaki amri, wala aya, wala hofu ya moto; vyote vilikwisha kusombwa. Na bado mle ndani mlikuwa na mtu, anayelijua jema na baya, anayechagua. Beatrisi aliogopa hata kuvuka kizingiti, kama aliyechelewa kanisani akakuta misa imefika kwenye mageuzo, mkate ukigeuzwa mwili wa Bwana.

Laurenti alilala pale. Asubuhi Daniel alimuuliza kwa adabu anatokea wapi, wakala muhogo wa nazi pamoja, wakicheka.